Ndani ya Pengwini

Duka la friji lilipomwajiri Mama Pacha, hakuna aliyemwambia kwamba zipu ilikuwa mgongoni.

Alichojua ni kwamba kazi yenyewe ni kucheza. Angevikwa vazi la pengwini, yule ndege mnene wa nchi za barafu, asimame mbele ya mlango wa duka, acheze muziki ukipigwa, awapungie wapita njia na kupiga picha na watoto wao. Mtu akimwona ndege wa barafu hukumbuka baridi, na akikumbuka baridi huingia ndani kununua friji, au walau feni. Ndivyo alivyowaza tajiri mwenye duka. Na kwa kucheza, Mama Pacha hakuwa na mpinzani. Alikuwa mwanamke wa mwili, lakini miguu yake ilikuwa myepesi kama ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Siku ya majaribio alicheza mpaka wauzaji wakaacha wateja, wakatoka nje kumpigia makofi.

Vazi lilikuwa la sponji nene, juu yake manyoya ya bandia, meusi mgongoni na meupe tumboni. Kichwa kilikuwa kikubwa kama pipa la taka, na kilifungwa mabegani kwa vishikizo vya chuma. Kwa kuwa pengwini ana miguu mifupi, fundi aliyelishona aliyabana mapaja yote mawili ndani ya bomba moja mpaka karibu na magoti. Ndani humo mtu hapigi hatua, anajisukuma, paja likisugua paja. Macho ya ndege yalikuwa ya plastiki, hayaoni kitu. Mama Pacha aliiona dunia kupitia kipande cha wavu ndani ya mdomo. Mabawa nayo hayakuwa na vidole. Ukishaingia, umeingia, mpaka mtu aje akutoe.

Mtu huyo alikuwa msimamizi wa duka, mwanamume mwembamba wa tai na simu mbili. Wafanyakazi walimwita Rimoti, kwa sababu alipenda kuwaendesha watu kutoka mbali kwa kunyoosha kidole tu.

"Sharti ni moja," Rimoti alimwambia. "Pengwini hasemi. Watoto wakisikia sauti ya mama mtu mzima inatoka humo, wataota ndoto mbaya. Ukitaka kutoka, subiri nije."

"Na kama haupo?"

"Mimi nipo siku zote," alisema, huku akisoma simu yake.

Siku ya kwanza alitoka humo akiwa ameloa chapachapa, lakini anacheka. Siku ya pili alihisi ndani ya mapaja kunawaka kidogo, kama mtu aliyepakwa pilipili kwa bahati mbaya. Juma lilipokwisha, hakuna kona ya mwili wake iliyokuwa salama. Mapaja yalichubuka pande zote mbili. Makwapani ngozi ilitoka. Chini ya matiti, pale mkanda wa sidiria unapopita, palikuwa na mstari mwekundu uliopinda kama mundu. Shingoni, sponji ya kile kichwa ilimla taratibu kama panya anavyokula sabuni. Jioni akioga, maji yakifika mapajani alikuwa anauma ncha ya kanga, asipige kelele.

Asipige kelele, kwa sababu nje ya bafu alikuwepo mama mkwe.

Waliishi vyumba viwili: Mama Pacha, watoto wake pacha, wa kike na wa kiume, na bibi yao. Mume wake, fundi wa vigae, alikuwa mji mwingine mbali, kwenye ujenzi wa hoteli, na hakuwa amerudi nyumbani tangu kabla ya mvua. Mama mkwe alikuwa mwanamke mnyoofu, mwenye mgongo ulionyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Alimpenda mkwe wake kwa dhati. Alimpenda mpaka akamsifu kwa majirani wote: "Mkwe wangu anauza mafriji. Anakaa kwenye kiyoyozi siku nzima, kama waziri."

Ni Mama Pacha mwenyewe aliyemwambia hivyo. Siku alipopata kazi, neno "ndege" lilimkwama kooni, likatoka "muuzaji". Alidhani angesahihisha baadaye. Lakini uongo ukishaota mizizi kwa majirani, unaung'oa kwa jembe gani?

Basi akajitibu kimyakimya. Alijaza poda mapajani asubuhi. Kabla ya adhuhuri jasho lilikuwa limeigeuza tope, na lile tope likamsugua vibaya kuliko ngozi tupu. Alijaribu spiriti, akaruka mpaka kichwa kikagonga bomba la bafuni. Akavaa suruali nzito ya jinzi ndani ya vazi ili ngozi isikutane na ngozi. Mshono wa ile suruali ukamkata kama msumeno. Kila alichojaribu kilimwongezea. Ilikuwa kama mtu aliyenasa kwenye mchanga, kadiri anavyojinasua ndivyo anavyozama.

Jioni alirudi nyumbani miguu mbalimbali, kama mtu aliyeshuka farasini. Nguo zake za ndani alizifua mwenyewe na kuzianika bafuni, nyuma ya mlango. Usiku alilala chali, magoti juu, shuka kama hema.

Mama mkwe aliona yote.

"Mama Pacha," alimwita jioni moja, watoto wakiwa wanacheza nje. "Mgongo unauma?"

"Hapana, mama."

"Kiuno?"

"Hapana."

"Basi mbona unatembea hivyo?"

"Viatu, mama. Vinanibana."

Mama mkwe aliteremsha macho polepole mpaka miguuni. Mama Pacha alikuwa peku.

Kisha mama mkwe akavuta kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wahenga walisema mficha uchi hazai." Akamtazama tumboni. "Ila wakati mwingine anayeficha ndiye huyo huyo anayezaa."

Mama Pacha alihisi kuta za chumba zinamsogelea. Alielewa vizuri sana alichoambiwa. Mume yuko mbali tangu kabla ya mvua. Mke anatembea miguu mbalimbali, anafua kwa siri, anaguna bafuni. Angeweza kuinua gauni pale pale amwonyeshe. Lakini akiinua gauni, ataulizwa: kiti cha muuza friji ndicho kinachochubua mapaja namna hii? Na hapo atamtoa ndege. Akachagua kunyamaza, na kule kunyamaza mama mkwe akakuhesabu kuwa jibu.

"Nimekusikia, mama," alisema, akaenda kuinjika chai.

Siku ya punguzo kubwa la bei, jua lilitoka na hasira zake. Lami ilikuwa inalainika. Duka lilipambwa maputo, spika mbili zikawekwa mlangoni, na tajiri mwenyewe alikuja na miwani myeusi kusimamia mauzo. Rimoti alikuwa anakimbia huku na huko. Alimsukumiza Mama Pacha ndani ya vazi, akavuta zipu. Zipu ikala kitambaa cha ndani, ikakwama. Akaivuta kwa nguvu. Ikapanda mpaka juu, lakini kile kishikio kidogo kikabaki vidoleni mwake.

"Rimoti, kimekatika?"

"Pengwini hasemi," alijibu, akakitia kishikio mfukoni. "Tutaona jioni."

Akafunga vishikizo vya kichwa, akaondoka.

Muziki ukaanza. Mama Pacha akacheza. Alicheza nyimbo za mwanzo kwa kujikaza kisabuni, akiyasukuma mabawa juu na chini, na kila bawa likipanda kwapa lilikuwa linalia. Jasho lilimwingia machoni, na mkono wa kulifuta hakuwa nao. Lile jasho lilitiririka kifuani, likapita kwenye mstari wa sidiria, likashuka mapajani kwenye ngozi iliyo wazi, chumvi juu ya kidonda. Kisha akahisi kitu kimepasuka upande wa kulia, na joto jembamba likashuka kuelekea gotini. Hilo halikuwa jasho.

Akaamua kutoka. Akajisukuma mpaka kwenye kioo cha duka, akakigonga kwa bawa. Ndani, wauzaji waligeuka, wakamwona, wakacheka na kugonga kioo nao kwa mdundo ule ule. Akatikisa kichwa kwa nguvu: hapana, hapana, njooni mnifungue! Nao wakatikisa vichwa vyao. Akajipiga mgongoni kwa bawa kuwaonyesha zipu. Watu waliojaa nje wakapiga vigelegele, na kijana wa spika akaongeza sauti. Mwanamume mmoja akaanza kujipiga mgongoni vilevile, kisha wa pili, na mara umati mzima unajipiga mgongoni na kucheka. Alivyozidi kuomba msaada ndivyo walivyozidi kumpigia makofi. Tajiri akainua dole gumba.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoogopa kwelikweli. Pumzi ikawa fupi. Sponji ilimkumbatia kila upande, moto, mbichi, inanuka jasho la jana na la juzi. Akajiambia asianguke, maana akianguka watadhani ni mtindo mpya.

Na kupitia ule wavu, katikati ya maputo, akamwona mama mkwe anakuja, amejifunga mtandio wake wa kutokea, mkono huu pacha wa kike, mkono huu pacha wa kiume.

Watoto walimkimbilia ndege. "Bata! Bata mkubwa!" Pacha wa kike akamkumbatia paja, akalibana kwa upendo wote, juu ya kidonda penyewe. Mama Pacha aliuma mdomo mpaka akaonja damu. Alitaka kumshika mwanawe kichwa, akaishia kumpapasa kwa bawa.

Pacha wa kiume alisogeza sikio kwenye manyoya. "Bibi," alisema, "huyu bata anapumua kama mama akipanda ngazi."

Bibi hakuwa na muda wa bata. Alikuwa amemwona Rimoti mlangoni, akamwendea.

"Habari za kazi, baba. Namtafuta mkwe wangu. Anauza friji hapa. Tunamwita Mama Pacha."

Rimoti alimtazama yule mama, akamtazama tajiri aliyesimama hatua chache pembeni, kisha kwa kufumba na kufumbua akamtazama ndege. Kishikio cha zipu kilikuwa bado mfukoni mwake.

"Hatuna muuzaji huyo, mama."

"Mwanamke wa mwili hivi. Ana mwanya. Anatoka nyumbani kila asubuhi anakuja hapa."

"Labda duka jingine, mama. Hapa hayupo."

Mama Pacha aliuona uso wa mama mkwe kupitia wavu. Hakuwahi kuuona hivyo, hata siku ya msiba wa baba mkwe. Hasira ingekuwa nafuu. Uso ulilegea tu, ukazeeka, kama mtu aliyebeba mtungi safari nzima akaambiwa mlangoni kwamba hauna kitu. Mama mkwe hakuuliza tena. Aligeuka, akawashika watoto mikono.

"Twendeni nyumbani," alisema.

"Bibi, na mama?"

"Nimesema twendeni."

Walipiga hatua, na Mama Pacha akajua kwamba wakivuka barabara ile, hakuna maneno yatakayowarudisha.

"Mama!"

Sauti ilitoka mdomoni mwa pengwini, nzito, imekauka. Mtoto mmoja kwenye umati alianza kulia. Kijana wa spika akazima muziki.

"Mama, usiende. Ni mimi. Nifungulie, mama, nakufa humu."

Pacha wa kike alipiga ukelele, akajificha nyuma ya bibi yake. Mama mkwe alisimama pale pale. Akarudi taratibu, akainama, akachungulia ndani ya ule mdomo wa njano. Macho mawili mekundu yalimtazama.

"Ewe mwana wewe," alinong'ona. "Umefikaje humo?"

"Zipu iko mgongoni."

Rimoti alifika mbio, mikono mbele. "Mama, tafadhali, hilo vazi ni mali ya duka!"

"Na aliyemo ndani ni mali ya nani?" Mama mkwe hakungoja jibu. Alizunguka nyuma, akaitafuta zipu kwa vidole, akakuta haina kishikio. Akachomoa pini kwenye mtandio wake, akaipitisha kwenye kitundu cha zipu, akaizungusha kidoleni na kuvuta. Zipu ikashuka mpaka kiunoni, ikagoma. Basi akashika kitambaa pande mbili kwa mikono yake miwili, akakichana. Mlio wake ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mama Pacha alitoka mgongoni mwa ndege, mvuke ukimtoka kama nguo iliyopigwa pasi. Blauzi imemganda, nywele zimemlala, sketi ina damu. Hakuna aliyecheka. Tajiri alivua miwani yake. Mama mkwe alimfunga mtandio kiunoni, akauliza kwa sauti ambayo hata Rimoti hakuthubutu kuijadili: "Hapa pana chumba?"

Watoto wakabaki na wauzaji, wao wawili wakapelekwa stoo, nyuma ya makasha ya feni. Mama mkwe alifunga mlango, akainua mwenyewe ule mtandio na sketi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya, mama."

"Ndiyo uliyokuwa unatembea nayo?"

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Mama mkwe alikaa chini kwenye kasha, akashika tama, mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka mpaka alipofungua mdomo. "Na mimi nilishahesabu mpaka mwezi wa kujifungua," alisema. "Nimewaza nitamwambiaje mwanangu. Nimekosa usingizi, nimekusengenya moyoni mwangu. Kumbe mapaja!"

"Mama, nilikudanganya. Niliona aibu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe alisema, akifuta macho. "Sasa hiyo si methali, ni taarifa."

Jioni ile ile walipita duka la dawa. Mwuza dawa, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, aliwapeleka nyuma ya pazia, akatazama, akapiga ulimi.

"Umepaka poda?"

"Nilipaka."

"Poda juu ya jasho ni saruji. Na spiriti?"

Mama Pacha aligeuza uso kwenye pazia.

"Na spiriti pia," mwuza dawa alijijibu. "Haya, sikiliza. Kwanza pumzika mpaka ngozi ifunge. Osha kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, usisugue. Jipapase kwa taulo mpaka ukauke kabisa. Ukiona usaha, au pakizidi kuvimba, rudi haraka au nenda hospitali. Pakishapona, usingoje kuchubuka ndipo upake dawa. Paka kabla ya kazi: mafuta ya mgando, mengi, mapajani, makwapani, chini ya sidiria, shingoni. Ngozi iteleze, isikwaruzane. Halafu vaa taiti fupi ya kubana, ya kitambaa laini kinachokauka upesi, ifike karibu na goti, isiwe na mshono mnene katikati. Pamba ikiloa inabaki imeloa, na ukibaki umeloa unasagika. Ukiloa, badilisha. Na maji ya kunywa usiyaonee uvivu. Jasho likikauka linaacha chumvi, na chumvi ni msasa."

"Kumbe ni jambo linalojulikana," Mama Pacha alisema.

"Wakimbiaji wanalijua, wapishi wanalijua, akina mama wenye mapaja yao wanalijua. Shida hakuna anayelisema. Kila mtu anadhani ni lake peke yake."

Alipumzika, akilala na feni ikimpulizia, gauni pana, hana cha kuficha. Majirani walishapata habari kabla hata hajafika nyumbani siku ile. Wengine walicheka, wengine walikuja kumwuliza kwa kunong'ona yale mafuta yanapakwaje. Pacha wa kiume alilisimulia darasa zima kwamba mama yake ni pengwini. Pacha wa kike hakupenda. Aliomba asipitishwe mtaa ule, na mama yake hakumlazimisha, ingawa lilimchoma.

Kisha Rimoti akapiga simu. Walikuwa wamemweka mtu mwingine ndani ya vazi, akatoka kabla ya chakula cha mchana na hakurudi. Tajiri alimtaka yule mchezaji wa mwanzo.

Mama Pacha hakutaka kurudi. Lakini kodi ya nyumba haijui nataka na sitaki, na malipo ya mume wake kutoka kwenye hoteli yalikuwa yanakuja siku yanapojisikia. Akaenda, akamkuta Rimoti na tajiri ofisini.

"Zipu ije mbele," alisema. "Iwe na utepe mrefu ninaoweza kuuvuta kwa bawa. Na nitoke nipumzike, ninywe maji, nibadilishe nguo, bila kungoja mtu aniruhusu."

"Pengwini gani ana zipu tumboni?" Rimoti aliuliza.

"Yule anayetaka kurudi kazini kesho."

Tajiri aliguna, lakini zipu ikahamishwa.

Asubuhi alijipaka mafuta mpaka akang'aa kama samaki, akavaa taiti yake, akaingia. Paja liliteleza juu ya paja. Hakukuwa na moto. Hata hivyo, vazi lilipofungwa na dunia ikarudi kuwa kipande cha wavu, moyo ulimdunda vile vile, na bawa lake likaenda lenyewe kuutafuta utepe. Likaupata. Akacheza. Alifanya hivyo kila siku mpaka joto lilipopungua: aucheze wimbo, aguse utepe, aucheze wimbo.

Jumapili moja mumewe alipiga simu, na mama mkwe, ambaye hakuweza kuweka siri kama hiyo, akamsimulia kila kitu. Fundi vigae alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba kuongea na mke wake.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza.

"Ningekwambia nini? Wewe uko huko, una yako."

Nyuma ya mumewe zilisikika sauti za mafundi wengine na mlio wa mashine ya kukata vigae.

"Magoti yangu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie. "Siku hizi siwezi kuinuka bila kushika ukuta. Ngozi imekwisha kabisa. Nilikuwa sitaki ujue."

Mama Pacha aliitazama simu kana kwamba angeweza kumwona ndani yake, amepiga magoti kwenye sakafu ya watu.

"Chukua kalamu," alimwambia. "Nikwambie cha kununua."